Nilipolikalafati Gari la Bwana Aboud

Mwalimu wenu ameniomba niwaandikie siri za mafanikio katika ufundi. Nimemwambia siri ninazo, ila mafanikio sikuyaona yakipita. Akasisitiza. Na kwa kuwa magoti yangu yamestaafu kabla yangu, na siku hizi kazi yangu kubwa ni kutazama wengine wakifungua nati kwa upande usio wake, nimekubali. Shule niliiachia darasa la tano. Mkikuta herufi imekaa vibaya, isahihisheni kimyakimya. Nyinyi ndio mliosoma.

Najua mnapenda magari ya zamani. Nawaona mkiinamia simu, mkitazama mafundi wa ng'ambo wakiyafufua. Dakika ya kwanza gari ni kichaka chenye usukani. Dakika ya kumi linang'aa, muziki unapigwa, mwenye gari analia kwa furaha. Kazi nyepesi hiyo, hongera zao. Mimi moja tu lilinichukua mwaka na miezi minne, na machozi yaliyopatikana hayakuwa ya furaha.

Gari lenyewe lilikuwa la Bwana Aboud, mtu wa nyumba ya mawe kule mtaa wa Mkomani, mwenye duka la vitambaa na sauti ya kupimia. Alilirithi kwa babake. Gari la Kimarekani, milango miwili, pua ndefu, injini ya silinda nane; aina ambayo nyinyi huiita gari la misuli. Lilikuwa limelazwa kwenye banda Mokowe miaka mingi, kwa sababu njia za Amu, yaani mji wa Lamu kwa wale waliokuja juzi, zimepimwa kwa punda wawili wanaopishana kwa adabu. Kwa hiyo Bwana Aboud aliishi kisiwani na gari lake likaishi bara, kama mume na mke waliogombana lakini hawajaachana.

Siku moja akavuka, akanikuta gerejini.

"Fundi Shee, nataka lifufuke. Nataka kila Jumamosi nivuke, nilitoe, niende nalo mji wa Hindi na kurudi."

"Hindi ni karibu, Bwana. Gari hili likikohoa mara mbili umeshafika."

"Basi nitakwenda mara mbili."

Mtu wa namna hiyo habishiwi. Mtu wa namna hiyo hufunguliwa boneti.

Nianze na jambo la manufaa, mwalimu wenu asije akasema nimejaza karatasi kwa porojo. Boliti iliyoshikwa na kutu kwa miaka haifunguliwi kwa hasira. Itie mafuta leo, uende zako. Kesho igonge kidogo kichwani, uitie tena mafuta, uende zako. Siku ya tatu ikaze kwanza kidogo, ndiyo, ikaze, kisha ilegeze. Ikigoma, irudie. Vijana huniambia, "Mzee, hiyo ni njia ya pole." Naam. Njia ya haraka nimeijaribu: huvunja boliti dakika moja, kisha unakaa siku mbili ukichimba kipande kilichobaki ndani, huku ukimlaani aliyeikaza, ambaye alikwisha kufa na hana la kukujibu. Injini ya Bwana Aboud ilikuwa imeshikana vilevile. Nilitoa plagi zote nane, nikamimina mafuta katika kila silinda, nikafunika kwa kitambaa, nikaiacha siku tisa. Siku ya kumi niliisukuma kwa mkono ikageuka, taratibu, kama mzee anayegeuka kitandani.

Ustahimilivu huo sikuzaliwa nao. Nilifunzwa na Fundi Lali pale Mtangawanda, kwenye gati ya kisiwa cha Pate, alikokuwa akitengeneza injini za mashua za abiria. Kwetu ni Mbwajumali, mwendo si mrefu kutoka hapo. Wazazi wetu walifariki wote wawili ndani ya mwaka mmoja, tukabaki wanne, nami ndiye wa kwanza. Watu wakaja kutupa pole, wakanisifu kwamba sasa mimi ni mwanamume. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Sifa hiyo haikupikika, basi nikaenda kuomba kazi.

Mwezi wa pili wa kazi, Fundi Lali alinituma kutoa maji machafu kwenye mashua iliyopwelewa mchangani. Chini ya mashua ile kulikuwa na tundu lenye kizibo. Nikakitoa kizibo, maji yakatoka, kazi ikaisha, nikaenda zangu kunywa uji. Kizibo kilikuwa mfukoni mwangu. Bahari ilipojaa, mashua haikuelea. Ilikaa palepale na magunia ya unga ya watu ndani yake, ikijaa polepole. Fundi Lali hakunipiga. Alinipa upo, kile kibakuli cha kukumbia maji, akasema:

"Kumba, Shee. Ukiimaliza bahari, niite."

Tangu siku hiyo tundu na mimi tukawa mahasimu. Nikiona mahali popote penye upenyo kwenye chombo, mkono wangu ulitafuta kizibo bila kuniuliza. Kwa miaka zaidi ya ishirini ya injini za mashua, uadui huo ulinifaa sana. Hakuna mashua iliyopita mikononi mwangu ikazama. Niliposhuka bara na kufungua gereji Mokowe, niliubeba uadui wangu pamoja na spana.

Basi siku nilipolala chini ya gari la Bwana Aboud kukwangua kutu, nikaona mambo. Ukingo wa chini wa kila mlango ulikuwa na matundu matatu. Chini ya vizingiti, matundu. Sakafuni, matundu. Kwenye buti, matundu. Chini ya kioo cha mbele kuna kijisanduku cha bati kinachopokea maji yanayoteremka kutoka kwenye kioo, nacho kilikuwa na matundu pembe zote mbili. Nikahesabu ishirini na mawili. Nikawahurumia waliolitengeneza. Watu wamefika mwezini, kumbe kuziba tundu kumewashinda.

Nikawasaidia. Nilichukua pamba, nikaichovya katika sifa, yale mafuta ya papa tunayokalafatia mashua, nikaishindilia katika kila tundu kwa patasi na nyundo. Juu yake nikapaka deheni, chokaa iliyopondwa na mafuta ya mnyama, ileile tunayopaka matumbo ya majahazi. Nikalainisha kwa kidole gumba. Fundi kalafati yeyote wa Matondoni angeuona mkono ule angenipa binti yake. Kisha nikapaka rangi nyeusi, na yote ishirini na mawili yakafutika duniani.

Bwana Aboud alipokuja kukagua, nikamlaza chini kabisa aone.

"Hata tone halipenyi," nikamwambia. "Likiteleza baharini, Bwana, utafika Manda umekauka."

"Mashallah," akasema, kanzu yake imejaa mchanga. "Mashallah, Fundi."

Naomba mkumbuke kwamba hakuna aliyenilazimisha kusema hayo.

Viti vilikuwa kazi ya dada yangu Mwanaesha, ambaye sote tunamwita Esha. Yeye ndiye anayenifuata kuzaliwa, na mtaa mzima wa Langoni, kule Amu, wanamjua kwa magodoro ya harusi. Kwetu bibi harusi haendi kwa mumewe na godoro la dukani. Madukani yapo, tena yana maua. Ila watu watasema. Godoro la harusi hujazwa sufi ya mti, iliyochambuliwa mbegu moja moja, na mtu aliyelilalia la Esha hakutaka jingine. Sponji ya viti vya gari ilikuwa imegeuka vumbi, nikamwomba Esha avijaze sufi. Alivuka na futi yake ya kupimia, akakipima kiti cha nyuma, akanitazama.

"Kaka, hiki ni kiti au ni kitanda?"

"Kiti cha nyuma."

"Na huyu Bwana hwenda peke yake. Nani atakaa nyuma?"

"Heshima yake."

Akacheka, akakishona. Kwa chini alikikinga kwa gunia zito, juu akavika ngozi nyekundu iliyotoka Mombasa. Nawaambia kweli, katika gari lile lote, kazi safi kuliko zote ilikuwa ile.

Jumamosi ya kwanza Mokowe yote ilitoka nje. Injini ilinguruma mpaka mbuzi wakabadilisha makazi. Bwana Aboud, kanzu nyeupe, kofia ya vito, miwani nyeusi, akatoka bandani kama amiri jeshi. Akaenda Hindi, akarudi. Akaenda tena, akarudi. Katika safari hizo mbili alitumia mafuta ya kuvukisha mashua wiki nzima, akashuka akinikumbatia. Waliokuwa wakiniita "fundi wa mashua" kwa kubenua midomo siku hiyo waliniamkia. Nikawaitikia taratibu, kama mtu anayetoka usingizini.

Kila Jumamosi nililiosha gari lile kwa ndoo nane za maji matamu, kwa sababu ya chumvi. Hilo nalo lishikeni: upepo wa kwetu una chumvi, na gari lisilooshwa huliwa likiwa limesimama. Nikaliosha, nikaliosha. Kisha masika yakaingia, na mbingu nazo zikanisaidia kuosha.

Mwisho wa mwezi wa tano Bwana Aboud alifungua mlango, akaufunga, akatoa leso.

"Fundi, humu mna kitu kimekufa."

Tukatafuta panya. Tukatafuta paka. Tulipokiinua kiti cha nyuma, gunia la chini lilikuwa jeusi, linanyumbuka kama mkate uliolowa chai, na sakafu ilikuwa na maji ya kina cha kiganja. Bwana Aboud aliyatazama maji, akakitazama kiti, akafikia uamuzi wake upesi, kama wafanyavyo watu wenye nyumba za mawe.

"Ni sufi. Dada yako ametia sufi mbichi, imevunda, ikatoa maji."

Nami nikasema, "Huenda."

Nimesema maneno mengi ya upuuzi maishani. Nimewahi kumwambia mteja injini yake imelogwa. Lakini neno nililonalo hadi leo kooni ni hilo moja.

Siku ya pili nilifungua mlango wa dereva niuanike, nikasikia kitu ndani yake kikisema chubwi. Nikautikisa. Chubwi. Mlango ulikuwa mzito kama mtungi. Hapo nikaelewa yote kwa pamoja, kama mtu aliyemwagiwa. Maji huingia garini, na huingia kwa haki yake: hupita kandokando ya vioo, huteremka ndani ya mlango, hutoka kwa chini. Yale ya kioo cha mbele hushuka kwenye kile kijisanduku, hutoka pembeni. Wale Wamarekani niliowahurumia walikuwa wameyawekea milango ya kutokea, nami nimeikalafati yote. Kijisanduku kikajaa, kikafurikia ndani, sakafu nayo haina pa kumwagia. Mashua huyazuia maji yasiingie. Mimi nilitengeneza mashua iliyoyazuia yasitoke.

Mnadhani nilikimbia kumwambia Bwana Aboud. Mnanipenda sana. Nilinyamaza siku tatu. Nilikuwa na sababu nzuri, tena nyingi. Kwamba hilo lilikuwa gari langu la kwanza la kuonwa na watu. Kwamba nikikiri, kesho nitarudi kuwa fundi wa mashua, safari hii kwa ushahidi. Kwamba Bwana Aboud alikwisha kuhukumu, na kumpinga mkubwa si adabu. Mwoga hakosi adabu.

Wakati huo Bwana Aboud, ambaye si mtu mbaya ila ni mtu wa maneno, alikuwa ameketi barazani mbele ya duka lake na wenzake wanne baada ya swala ya alasiri, akiwasimulia jinsi sufi ya Bi Esha ilivyolivundisha gari. Wakacheka. Kicheko cha Mkomani hufika Langoni kabla ya maghribi. Bi Zuhura, aliyekuwa anamwoza bintiye baada ya siku tisa, na aliyeagiza kwa Esha magodoro mawili na mito kumi, akamtuma mtu: asante, tumepata pengine. Asubuhi yake mwingine akatuma. Dada yangu hakuwa na duka wala shamba. Alikuwa na jina, na jina lilikuwa linakwenda.

Siku ya nne akavuka kuja Mokowe. Hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kile kiti, nilichokuwa nimekisimamisha ukutani, akatoa mkasi mkobani mwake, akakipasua ngozi kutoka juu hadi chini. Ile ngozi nyekundu ya Mombasa.

"Tia mkono hapa yuu."

Nikatia. Sufi ilikuwa kavu, nyepesi, inateleza vidoleni.

"Tia kati."

Kavu.

"Tia tini."

Nikatia kwenye gunia. Nikautoa mkono unachuruzika.

"Sufi mbichi huoza kati, Kaka. Hii imenyweshwa kutoka tini. Haya mai yametoka wapi?"

"Ni mvua, Esha."

"Siku hizi mvua hunya kutoka tini?"

Aliuangalia mlango wa gari, akaniangalia mimi. Esha hajui injini, lakini amekua ndani ya nyumba yangu, anajua uso wangu ukiwa na kitu.

"Nilipokuya Amu," akasema, sasa kwa sauti ya chini, "waliniita yatima wa Mbwajumali. Nimeshona miaka ishirini mpaka wakaniita Bi Esha. Leo sokoni nimesikia 'sufi mbichi.' Nami nisingelia, Kaka, lau angelisema Bwana Aboud peke yake. Nimeambiwa wewe ulikuwapo. Ukasema huenda."

Alifuta macho kwa ncha ya mtandio, akarudisha mkasi mkobani, akaenda kungojea mashua. Hakuniomba nifanye lolote. Angeliniomba, ningeliona kama ninamtendea hisani.

Nilivuka mashua ya baada yake, nikaenda barazani.

"Bwana Aboud, kesho njoo Mokowe. Uje na hawa wenzako wote."

"Nini tena? Niambie mimi, hapahapa."

"Wewe uliwaambia wao, Bwana. Nataka waone."

Wakaja wote, watano, wakifurahia safari kama wanaokwenda maulidi. Nikaitwaa keekee ya Fundi Lali, ile ya kuzungusha kwa mkono. Drili ya umeme ninayo, ila nilitaka muda wa kutosha wa kuona haya. Nikapiga magoti mbele ya mlango wa dereva, nikatoboa palepale nilipoziba. Maji ya rangi ya chai yakaruka, yakalowesha kanzu ya aliyekuwa karibu. Nikatoboa la pili. La tatu. Yakamwagika na hayakuisha.

"Fundi," mmoja akauliza, "hili ni gari au birika?"

"Angalia vizuri," akadakia mwingine, "usije ukatoboa samaki."

Wakacheka, nami nikawaacha wacheke mpaka wakachoka. Kisha nikasema: "Matundu haya niliyakalafati mimi. Gari limeoza kwa mkono wangu. Sufi ya Bi Esha ni kavu, ile pale, kaishikeni." Mmoja mmoja wakaenda kuishika. Vicheko vikapungua.

Bwana Aboud alikuwa hajacheka tangu mwanzo.

"Siku ile uliposema huenda, ulikuwa unajua?"

"Siku ile sikujua. Siku ya pili nilijua."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza, Bwana."

Alivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la kanzu kwa muda mrefu kuliko ilivyochafuka. "Na mimi nikasema. Haya. Wewe endelea kutoboa. Mimi naenda kwa Bi Zuhura."

Akaenda, tena kwa miguu yake mwenyewe, akasimama mlangoni kwa watu na kusema alikosea. Gari nililikatia sakafu mpya na vizingiti vipya, miezi minne mingine, na matundu ishirini na mawili yaliyo wazi kabisa. Wateja wawili waliyaondoa magari yao kwangu, na Mokowe mpaka leo wananiita Fundi Kalafati. Nyinyi mtakaponiita hivyo, jueni nimekwisha kuzoea, tafuteni jingine.

Mwalimu wenu hapa angetaka funzo. Funzo ni hili: kabla hujaziba tundu, muulize aliyelitoboa. Na kama amekwisha kufa, kaa chini ungojee mvua uone linafanya nini. Hekima kubwa hiyo. Ilinigharimu gari zima na sehemu ya dada, mnaipata bure.

Lakini sijamaliza. Bi Zuhura alirudisha agizo lake zikiwa zimebaki siku tano tu harusi ifike, na sufi ya magodoro mawili na mito kumi bado ilikuwa na mbegu zake. Esha alipokea agizo, kisha akanitumia salamu fupi: nifunge gereji, niende. Nilipofika hakunikaribisha ndani. Alinikalisha kwenye daka la nyumba, kile kibaraza cha mlangoni, mlango wazi, uso wangu ukiutazama mtaa, akanimiminia gunia zima la sufi miguuni.

"Chambua. Na kila apitaye akikuuliza, mwambie."

Walipita wengi. Ile ni njia ya kwendea sokoni na msikitini. "Fundi, umebadilisha kazi?" "Fundi, kulikoni?" Nikawaambia, mmoja mmoja: niliharibu gari la watu, nikamwachia dada yangu lawama, na sufi yake ni safi, hii hapa. Wengine walicheka. Bibi mmoja alisimama akaniuliza maswali mpaka mboga zake zikanyauka. Siku ya kwanza ulimi ulikuwa mzito. Siku ya pili nilikuwa nikiwaambia hata wasiouliza.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, hakuna aliyesimama. Watu walipita, wakatoa salamu, wakaenda na mambo yao. Esha akatoka mlangoni, akaitazama njia upande huu, akaitazama upande ule.

"Basi," akasema. "Wamejua wote. Inuka, Kaka, ukaoge. Una sufi hadi masikioni."